Ng'ombe Wetu Hawahesabiwi kwa Mdomo

Kabla hamjaanza kusoma, toeni simu zenu kwenye meza ya maziwa. Najua ziko hapo. Nimestaafu, sijakufa.

Nyinyi wasichana mnaokalia kiti changu sasa pale kituo cha maziwa Kisaju mmeniuliza mimi nyanya yenu mara nyingi: Koko, wewe na darasa lako la nne, PHP ulijulia wapi? Nimekuwa nikiwajibu kwamba nilifundishwa, halafu nawatuma mkaoshe mitungi. Sasa niko na wakati. Magoti hayanipeleki mbali, na mjukuu ameniachia kompyuta yake ya zamani ambayo herufi moja imeng'oka. Nitaandika mara moja tu. Anayetaka kujua nililipwa ngapi na nilipandishwa cheo lini aulize mtu mwingine, maana hayo sikuyaweka kichwani.

Kwanza ilikuwa maziwa. Tulianza kikundi tukiwa wanawake wa hapa na tanki moja la kupozea lililonguruma kama lori linapanda mlima. Siku yangu ya kwanza nilipewa gambuti za mwanaume na kuambiwa nisimame mlangoni. Aliyenifunza kazi ni mwenyekiti wetu wa kwanza, mama mzee ambaye maneno alikuwa anayatoa kama chumvi. Aliniambia, "Fungua mfuniko, unuse, halafu ndio usalimie. Ukitanguliza salamu utaona haya kukataa." Nimefanya kazi mpaka nikazeeka na sijapata somo lingine la kazi linalofikia hilo.

Ukishanusa, unachukua laktomita, ile gilasi nyembamba inayoelea ndani ya maziwa na kukuonyesha kama mtu ameongeza maji. Halafu spiriti. Unachanganya maziwa kidogo na spiriti kidogo kwa kikombe, unatingisha, na yakigandana yanarudi nyumbani na mwenyewe. Nilirudisha maziwa ya shemeji. Nilirudisha ya dada yangu wa tumbo moja, na Krismasi ya mwaka huo alinipa chai ya rangi mbele ya wageni. Nilikunywa. Ilikuwa tamu.

Miaka ikaenda hivyo. Ndipo akaja Wambui na sistimu yake.

Wambui ni binti wa watu wa Murang'a lakini amezaliwa hapahapa Kitengela, kwa hivyo vumbi letu halimshtui. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la dawa za mifugo, chumba kimoja, na dirisha linaloangalia malori ya simiti barabara ya Namanga. Kikundi kilimwomba atutengenezee tovuti ya maziwa: nani ameleta, ameleta lita ngapi, yamepita au hayajapita, na kila mama ajionee kwa simu yake. Aliitengeneza kwa PHP, lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Siku ya kutuonyesha alisema, "Lakini mtu mmoja wenu lazima aijue ndani. Siku moja nitakuwa nimesafiri na hii kitu ikatae, na maziwa hayangoji mtu."

Wasichana waliomaliza sekondari wakaanza kuangalia mabati. Mwenyekiti akanyoosha kidole kwangu. "Huyu alikataa maziwa ya dada yake. Kompyuta itamfanya nini?"

Watu walicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua nitaenda.

Nilikuwa napanda gari la maziwa likienda Kitengela, nashushwa kwa Wambui, na linaniokota likirudi. Somo la kwanza alianza na maneno ya Kiingereza, akaniangalia usoni, akayaacha.

"Koko, nyumbani maziwa unaweka wapi?"

"Kwa kibuyu."

"Na unga?"

"Kwa debe."

"Unaweza kuweka maziwa kwa gunia?"

"Wewe binti, umeambiwa mimi ni mjinga?"

"Basi umemaliza somo la kwanza," akasema, akaniwekea chai.

Hivyo ndivyo nilivyozielewa aina za data, na hivyo ndivyo nitawaambia. Kila kitu unachoingiza kwa programu kina chombo chake. Kuna lugha zingine, aliniambia Wambui, ambazo hazikuruhusu kuingia ndani kabla hujataja chombo. PHP si hivyo. PHP ni mgeni mpole sana. Ukimpa kitu bila kumwambia ni cha aina gani hatakuuliza. Ataamua mwenyewe, atanyamaza, na wewe utajua kesho. Mtu mpole namna hiyo mimi humwogopa kuliko mkali.

Chombo cha kwanza ni string. Hayo ni maandishi, na lazima uyafunge kwa alama za nukuu kama mtoto kwa shuka. Cha pili ni int, namba nzima isiyo na nukta. Mimi nilidhani nimemaliza hapo: maneno kwa string, namba kwa int, twende nyumbani. Wambui akaniambia niandike namba yangu ya simu. Nikaiandika tupu, bila nukuu, kwa sababu si ni namba? PHP ikanirudishia namba nyingine kabisa ambayo sijui ni ya nani. Wambui akanieleza kwamba PHP ikiona sifuri mbele ya namba tupu inadhani unahesabu kwa njia nyingine, ya wenyewe.

"Sasa simu si namba?" nikauliza.

"Koko, ushawahi kujumlisha simu yako na ya jirani?"

Nikafikiria. "Hapana."

"Basi hiyo si namba. Ni jina limevaa nguo za namba."

Hiyo niliibeba njia yote hadi Kisaju. Dereva aliniuliza kama ninaumwa.

Chombo cha tatu ni float, namba yenye nukta, na hapo ndipo tuligombana. Maziwa ni float, maana mtu huleta lita na nusu, lita na robo. Wambui akaniambia nijumlishe sifuri nukta moja na sifuri nukta mbili, halafu nitumie var_dump. Hiyo var_dump mtaijua: ni amri inayokuambia kitu ulicho nacho ni cha aina gani na kimebeba nini ndani. Mimi naiita laktomita ya PHP. Nilitegemea sifuri nukta tatu. Ikaniletea nukta tatu, halafu msururu wa sifuri, halafu nne kule mwisho kabisa.

"Hii nne imetoka wapi?"

"Ni kawaida, Koko. Kompyuta haiwezi kushika hizo namba sawasawa, inabaki na kichembe."

"Kichembe? Nani ameweka uchafu kwa maziwa?"

"Ni kidogo sana, hata huwezi..."

"Nimefukuza watu kwa maji kidogo kuliko hiyo!"

Wambui alicheka mpaka mwenye duka la chini akapanda ngazi kuuliza kama kuna shida. Baadaye alinionyesha jinsi ya kukata namba kwa round ibaki safi. Nilikubali, lakini sijaisamehe float mpaka leo, na nyinyi msiiamini. Ikataeni kwanza, halafu isalimieni.

Cha nne nilikipenda mara moja: bool. Kina majibu mawili, ndiyo na siyo. Maziwa yamepita au hayajapita. Hakuna "yamepita kidogo," hakuna "Koko tafadhali." Nilimwambia Wambui kwamba aliyebuni bool bila shaka alishawahi kusimama mlango wa kituo cha maziwa.

Nilijifunza hivyo, pole pole, nikiandika mistari yangu kwa kidole kimoja. Kiingereza cha PHP ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ni maneno machache yanayorudiarudia, kama nyimbo za kwaya. Ukishajua pa kupaza sauti, umejua. Nilikosa nukta-mkato kila mahali. Niliandika neno ng'ombe kama jina la chombo, na ile alama yake ya katikati, PHP ikanipigia kelele nyekundu, maana haitaki alama hiyo kwa majina ya vyombo. Kwa hivyo ndani ya kompyuta ng'ombe wetu ni ngombe tu. Tumevumilia mengi kuliko hayo.

Sasa nifike kwa ile kesi ngumu, ambayo ndiyo hasa mnataka.

Kulikuja habari kwamba homa ya mapafu ya ng'ombe imeonekana upande wa pili. Nyinyi ni watoto wa mabomani, sihitaji kuwaeleza. Ng'ombe anakohoa leo, wiki ijayo mbavu zinaonekana, halafu anaenda na majirani zake. Daktari wa mifugo wa Kajiado akakubali kuja na chanjo. Lakini dawa hiyo ikishachanganywa hailali. Lazima iishe siku hiyohiyo, na kila mahali watu walikuwa wanaingoja. Kwa hivyo akasema atabeba dawa ya ng'ombe walioandikwa kwa sistimu yetu na si zaidi. Kikundi kiwaandike, yeye asome, aje.

Wambui akaongeza swali moja kwa ile tovuti: Una ng'ombe wangapi? Na kisanduku cha kujibu. Kila mama akajibu kwa simu yake. Tukalala tukijua kazi imekwisha.

Asubuhi Wambui akanipigia nikiwa mlangoni na laktomita mkononi. "Koko, kuna kitu. Karibu akina mama wote wako na ng'ombe sifuri."

"Sifuri? Na haya maziwa napima hapa yametoka kwa nani, kwa paka?"

"Mimi naona sifuri. Mama Njeri ako na wanne. Wengine wote sifuri."

Aliyekuwa juu kabisa kwa hiyo orodha ya sifuri ni Mama Lemayian. Huyu ni mama kijana wa upande wa machimbo. Mume wake ni mlinzi mbali na nyumbani, na ng'ombe ndio wanaosomesha, ndio wanaolisha, ndio kila kitu. Ukame uliopita ulipita kwa boma lake kama moto kwa nyasi kavu. Waliobaki ni waliobaki. Na boma lake ndilo lilikuwa karibu zaidi na ule upande wenye ugonjwa. Kama daktari angekuja bila dawa yake, sijui.

Wambui akaja Kisaju siku hiyohiyo. Alikaa kwa kreti, akafungua kompyuta, akaniambia, "Koko, tumia laktomita yako."

Nikaandika var_dump juu ya jibu la Mama Lemayian kabla halijafika ndani. Ikatoka: string, "Wapo, Mungu ni mwema." La jirani yake: string, "Wanatosha." La mwingine: "Muulize Enkai," yaani Mungu. Na la mama mmoja ambaye simtaji kwa sababu ni mke wa mchungaji: "Wewe unatakia nini?"

Wambui aliweka mikono kichwani. Kwa programu yake alikuwa ameandika int mbele ya kila jibu, yaani chochote kitakachokuja kigeuzwe namba nzima. Na PHP, mgeni wetu mpole, ikipewa "Wapo, Mungu ni mwema" na kuambiwa iyageuze namba, haisemi haiwezi. Inasema sifuri. Kwa heshima kabisa.

"Lakini kwa nini hawakuandika tu namba?" Wambui akauliza. Hakuwa na ubaya. Kwao, kama kwa Mama Njeri, watu wanahesabu hata miti ya kahawa, na kuku, na kifaranga kikipungua wanajua ni cha ngapi.

Nikamwambia sisi wa mabomani hatuhesabu. Ng'ombe hahesabiwi kwa mdomo, na mtoto vilevile. Ukisema wako wangapi ni kama unaambia kitu kibaya: njoo, kuna cha kupunguza. Usiniulize kama naamini. Nimeokoka, nashika Biblia, naimba sauti ya pili, na sihesabu. Mchungaji mwenyewe hahesabu.

"Basi nitawapigia simu mmoja mmoja, niwaulize pole pole," akasema.

"Piga. Mimi nakunywa chai."

Akampigia Mama Lemayian na kuweka sauti nje ili nisikie.

"Mama, habari ya nyumbani?"

"Nzuri. Habari ya Kitengela?"

"Nzuri sana. Mama, nilikuwa nauliza, ng'ombe wako ni wangapi?"

"Wako wazuri."

"Nashukuru. Lakini ni wangapi?"

"Wanakunywa maji vizuri."

"Je, wanapita kumi?"

Tukasikia mbwa akibweka kule kwake. Halafu, "Binti, umetumwa na nani?" Na simu ikakatwa.

Chai ilinitokea puani. Wambui naye akaanza kucheka, akajishika tumbo, lakini nikaona macho yake yameingia maji, maana daktari alikuwa anakuja wiki hiyo na orodha ilikuwa bado imejaa sifuri.

Mimi nilidhani niko na dawa. Nikasema tubadilishe chombo. Kama majibu ni maneno, tuyaweke kwa string, wacha yawe maneno. Nikabadilisha mwenyewe, nikajisifu. Ukurasa wa daktari, ambao unajumlisha ng'ombe wote ili ajue abebe dawa ngapi, ukafa papo hapo. Ulijaribu kujumlisha wanne wa Mama Njeri na "Wanatosha," ukaandika nyekundu kutoka juu mpaka chini. Angalau string haikudanganya. Lakini huwezi kudunga ng'ombe kwa sindano ya "Wanatosha."

Wambui ndiye aliyeuliza swali zuri, nami nalisema hapa kwa sababu ni lake: "Koko, jioni ng'ombe wakirudi, unajuaje wamefika wote?"

"Nasimama kwa mlango wa boma nawaangalia wakiingia. Asiyekuwepo namwona."

"Unamwonaje mtu hayuko?"

"Wewe ukirudi nyumbani mtoto mmoja hayuko, unaanza moja, mbili?"

"La."

"Unasema, Njoroge yuko wapi. Nami nasema, Sampu yuko wapi. Karibu kila boma lina Sampu, maana ng'ombe wetu huitwa kwa rangi."

Wambui akageuza kompyuta akaanza kuandika haraka haraka, akiongea na skrini. "Ni array! Koko, hii si int, hii ni array!"

Hicho kilikuwa chombo kipya. Array ni chombo cha kubeba vyombo vingine. Fikirieni ile kreti mnayokalia: ndani kuna vikombe, kila kimoja mahali pake. Wambui akafuta swali la wangapi. Akaandika lingine: Ng'ombe wako wanaitwa nani? Kila jina ni string, na majina yote ya mama mmoja yanakaa pamoja kwa array moja. Na PHP iko na amri inaitwa count, inayoangalia array na kujua ndani kuna vitu vingapi.

"Kwa hivyo mashine ndiyo inahesabu," nikasema.

"Mashine. Kimya kimya."

Lakini hilo halikuwa la kuamuliwa na mimi na Wambui. Jioni baada ya maziwa tuliita akina mama wote ndani ya chumba cha tanki. Mwenyekiti wetu wa sasa akauliza maswali kama hakimu.

"Hiyo mashine, inahesabu kwa sauti?"

"Hapana, mama."

"Inaandika namba mahali tutaiona?"

Wambui akaniangalia. Nikasema, "Mstari wa kuhesabu nitauandika mimi mwenyewe. Kwa simu zetu tutaona majina tu. Namba itatokea kwa simu ya daktari peke yake."

"Na daktari akiisema?"

"Nitakuwa nimesimama karibu naye."

Wakaangaliana. Mama mmoja akasema, "Kama ni Koko amesimama, sawa." Mke wa mchungaji akasema Mungu mwenyewe anahesabu nywele za kichwa na hatumsikii akitaja namba. Hapo kikao kikafungwa.

Ule mstari niliuandika mimi. Ni mfupi, uko mpaka leo, na atakayeugusa bila kuniambia tutaonana. Unachukua majina ya mama, unayapitisha kwa count, na jibu unampa daktari tu.

Mama Lemayian hakutaka kuandika majina kwa simu. Alitembea mpaka kituoni, akakaa mbele yangu, akafunga macho. Nilidhani anaomba. Kumbe alikuwa anasimama kwa mlango wa boma lake.

"Sampu," akaanza. "Yule wa mistari, anapiga teke, andika polepole asikuumize. Ng'iro, mama wa wote. Mtoto wa Ng'iro, huyo mchoyo wa maziwa. Narok. Narok mwingine, huyo nilipewa na mama siku naolewa."

"Narok wawili?"

"Wee! Nani amesema wawili? Narok, na Narok wa mama."

Nikaandika hivyohivyo. Akaendelea, na kila jina lilikuja na habari zake: huyu alivuka ukame kwa kula maboksi, huyu haogopi simba lakini anaogopa mwavuli. Wasichana waliokuwa wakiosha mitungi wakaacha maji yakimwagika, wakaja kusikiliza. Alipofungua macho alikuwa na uso wa mtu ametoka harusini. Msiniulize walikuwa wangapi. Mashine ilijua.

Wengine wakaona, wakataka na wao. Jioni mbili mfululizo kile kituo kilikuwa ni majina tu. Akina mama walishindana, wakasutana. "Wewe, huyo Mugie si ni wangu, aliingia kwako akakataa kurudi!" "Alipenda nyasi yangu." Wambui alikuwa anaandika na kucheka, na akina mama wakamfundisha majina ya rangi, mpaka akajua tofauti ya ng'iro na mugie, jambo ambalo wajukuu wangu hawajui. Mama Njeri, aliyekuwa na wanne wake wameandikwa vizuri tangu mwanzo, akaja kulalamika kwamba wake hawana majina. Tukampa.

Siku ya chanjo daktari alifika krashi mapema. Krashi mnaijua, ile njia nyembamba ya mbao ng'ombe wanapitia mmoja mmoja wakidungwa. Daktari ni kijana mzuri, ana haraka. Akafungua simu yake, akaangalia kwa jina la Mama Lemayian, akavuta pumzi kusema.

Nikamwangalia.

Akafunga mdomo. Akafungua sanduku lake la barafu, akachukua chupa zinazotosha, akachanganya dawa bila neno. Nimefanya kazi na madaktari wengi wa mifugo. Huyu ana akili.

Mama Lemayian alisimama kwa mlango wa krashi akiwaita. "Sampu, pita. Usimguse daktari, mkono wake ndio unatuokoa. Ng'iro, mama yangu, pita." Kila aliyetajwa alipita, akadungwa, akatoka upande wa pili akitingisha kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la aibu. Narok akapita. Narok wa mama alifika, daktari akamshika tumbo, akasema, "Huyu mumtoe kando, anazaa. Leo ni leo."

Tukamtoa kando ya ua. Wengine wakaendelea kupita, sindano baada ya sindano, mpaka wa mwisho. Kwenye chupa ya mwisho iliyochanganywa ikabaki dozi moja, ya huyo aliyelala pale kwenye nyasi akihema. Daktari angeweza kusema anaondoka, maana kulikuwa na boma lingine linamngoja. Akavua koti, akapiga magoti, akasaidia. Ndama akatoka amelowa, akajaribu kusimama, akaanguka, akajaribu tena. Mama yake alipomaliza kumlamba na kusimama, daktari akamdunga polepole, na chupa ikaisha. Mama Lemayian aliweka mikono yote miwili usoni. Alipoishusha alikuwa anacheka na analia, na kwa ajili ya heshima tukaangalia ng'ombe.

"Ndama ni mdogo sana kwa chanjo," daktari akasema. "Ataingia raundi ijayo. Lakini mwandikeni leo, nisije nikamsahau."

Nikatoa simu. "Anaitwa nani?"

Mama Lemayian akamwinamia ndama, akamgeuza, akamwangalia ubavu. "Sijui. Bado amelowa, rangi haijatoka."

Nikampigia Wambui. "Nafasi yake iko, jina bado. Namweka kwa chombo gani?"

Nilimsikia akicheka kule Kitengela, na lori likipita chini ya dirisha lake. "Koko, hicho tulikuwa hatujafika. Kinaitwa null."

"Ni sawa na sifuri?"

"Hapana. Sifuri ni jibu. Null ni kusema jibu liko njiani."

"Na count itamwona?"

"Kwa array atakaa mahali pake kama wenzake. Itamwona."

Nikaandika null kwa kidole kimoja, nikabonyeza. Mama Lemayian alikuwa ameinama begani kwangu.

"Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba amefika."

Akatikisa kichwa kukubali, akatandika shuka yake chini. "Basi ngojeni akauke," akasema, "tutaona ni wa rangi gani." Daktari akaangalia barabara, akaangalia saa, akakaa. Na sisi tukakaa, wote, kwenye jua, tukimngoja ndama akauke.